Sumu Isiyoonekana kwenye Slaidi: Historia ya Utambuzi wa Sumu za Madini katika Mifugo ya Nyanda za Juu Kusini, Mbeya na Iringa

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya utambuzi wa sumu za madini katika mifugo ya Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, hususan Mbeya na Iringa, tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi miaka ya karibuni. Hoja kuu ni kwamba sumu hizo hazikukosa kutambuliwa kwa sababu ya uhaba wa vifaa peke yake. Huduma ya mifugo ilijengwa juu ya slaidi ya damu na ya tezi, yaani juu ya kutafuta kijidudu, na slaidi haibebi arseniki, shaba wala risasi. Kwa kufuatilia josho la arseniki, madini ya kulamba, mrututu wa mashamba ya kahawa na zebaki ya Chunya, makala yanaonyesha kuwa sehemu kubwa ya sumu iliingia zizini kwa jina la dawa, chakula au kazi halali. Inahitimishwa kwamba utambuzi wa kuaminika hutokana na mashahidi watatu wanaosikilizwa pamoja: mfugaji, mzoga na maabara.

1.0 Utangulizi

Ng'ombe anapokufa ghafla malishoni, swali la nini kimemuua huamua mambo mengi baada yake. Ikiwa ni kimeta, mzoga haufunguliwi, nyama hailiwi, na mifugo ya eneo zima huwekwa chini ya karantini. Ikiwa ni ndigana kali, lawama humwangukia mfugaji ambaye hakuogesha mifugo yake. Ikiwa ni sumu, chanzo chake bado kipo mahali pale pale na kitaua tena kesho. Maziwa na nyama vinaweza kuifikisha sumu hiyo mezani. Na yupo aliyeileta, awe amekusudia au hakukusudia. Kwa hiyo utambuzi wa chanzo cha kifo ni suala la sayansi na pia ni suala la haki, kwa kuwa huamua nani atabeba hasara na nani ataambiwa abadili mwenendo.

Katika makala haya, sumu za madini ni madhara yanayotokana na arseniki, risasi, shaba, zebaki, floridi na chumvi ya kawaida yanapoingia mwilini mwa mnyama kwa kiasi kinachozidi uwezo wake. Kundi hili lina tabia mbili zinazolitofautisha na magonjwa ya kuambukiza. Kwanza, baadhi ya madini hayo ni lishe kwa kiasi kidogo na sumu kwa kiasi kikubwa; shaba na chumvi ni mifano iliyo wazi. Pili, madini hayaozi. Bakteria hufa katika sampuli iliyocheleweshwa njiani, lakini arseniki iliyomo kwenye ini hubaki arseniki hata baada ya miezi.

Tabia hiyo ya pili ndiyo inayozua swali la makala haya. Kama sumu ya madini hustahimili safari ndefu kuliko kijidudu chochote, ingetarajiwa kuwa sumu hizo zitambuliwe kwa urahisi katika nyanda zilizo mbali na maabara kuu. Mambo yalikwenda kinyume. Kumbukumbu za huduma ya mifugo tangu ukoloni zilipangwa kwa kufuata sotoka, homa ya mapafu ya ng'ombe, kimeta, ndigana na nagana, huku sumu ikipewa nafasi finyu pembeni. Ili kueleza hali hiyo, ni lazima kuichunguza zana iliyotumika kuona.

Mbeya na Iringa zinatajwa hapa kwa mipaka yake ya awali, kwa kuwa Njombe ilimegwa kutoka Iringa mwaka 2012 na Songwe kutoka Mbeya mwaka 2016.

2.0 Mfugaji na Mzoga Kabla ya Maabara

Elimu ya madini katika mifugo haikuletwa Nyanda za Juu na maabara. Kusini mwa Ziwa Rukwa, huko Ivuna, uchimbuaji wa kiakiolojia uliofanywa katika miaka ya 1960 ulionyesha kuwa watu walizalisha chumvi kutoka katika chemchemi tangu takribani karne ya 13. Chumvi hiyo ilikuwa bidhaa ya biashara na kiungo cha chakula, na wafugaji wa maeneo yenye magadi na udongo wa chumvi walijua kuwa ng'ombe huufuata udongo huo wenyewe. Walijua pia kwamba ng'ombe aliyelamba chumvi lazima apate maji. Hapo pana kanuni kamili ya elimu ya sumu: kitu kile kile hujenga au huangamiza kwa kutegemea kiasi chake na maji yaliyopo.

Vilevile, kufungua mwili ili kutafuta chanzo cha kifo hakukuwa jambo geni. Monica Wilson, aliyefanya utafiti kwa Wanyakyusa wa Rungwe katika miaka ya 1930, alieleza desturi ya kupasua maiti ili kuchunguza kama kifo kilitokana na uchawi. Alieleza pia imani kuwa wachawi walisukumwa na uroho wa nyama na maziwa, imani inayoeleweka katika jamii ambayo ng'ombe alikuwa mahari, chakula na heshima. Katika mazingira hayo, kifo cha ng'ombe kisichokuwa na maelezo kiliweza kugeuka tuhuma dhidi ya jirani. Chanzo kinapokosa jina, mtu hutafutwa wa kukibeba.

Mfugaji aliyechinja au kuchuna mara nyingi aliijua hali ya kawaida ya ini, wengu, nyongo na matumbo, na aliweza kusema lini kiungo kimebadilika rangi au ukubwa. Alichokosa ni njia ya kutofautisha mabadiliko yanayofanana kwa macho. Wengu uliovimba wa kimeta aliweza kuujua. Tumbo jekundu la arseniki na tumbo jekundu la ugonjwa wa kuhara damu yalifanana mno.

Sotoka ya mwanzoni mwa miaka ya 1890 iliyatikisa maarifa hayo yote. Ugonjwa huo uliteketeza sehemu kubwa ya ng'ombe wa Afrika Mashariki katika muda mfupi, na nyanda hizi hazikunusurika. Tangu hapo, serikali za kikoloni ziliitazama mifugo ya Mwafrika kama chombo cha maambukizi kinachotakiwa kuzuiwa, kuhesabiwa na kuchanjwa. Mtazamo huo ulikuwa na sababu za msingi, lakini uliweka tauni mbele ya kila maelezo mengine ya kifo.

3.0 Slaidi na Jicho la Idara

Mwaka 1897 Robert Koch aliwasili Dar es Salaam na, pamoja na kazi zake nyingine, akachunguza damu ya ng'ombe wagonjwa. Aliona vijidudu vidogo ndani ya chembe nyekundu, akavihesabu kuwa ni hatua mojawapo ya homa ya Texas. Miaka michache baadaye, maafa ya ng'ombe huko Rhodesia na Afrika Kusini yalilazimisha suala hilo litazamwe upya. Arnold Theiler alikitenga kijidudu cha ndigana kali mwaka 1904, na wakati huohuo Charles Lounsbury alionyesha kuwa kupe wa kahawia wa masikioni ndiye anayekieneza. Koch mwenyewe alikwisha kueleza vichembe vinavyoonekana katika tezi na wengu wa mnyama mgonjwa, ambavyo hadi leo huitwa kwa jina lake.

Ugunduzi huo ulizaa utaratibu wa kazi. Ofisa wa mifugo wilayani alitakiwa kuchukua damu sikioni, kuitandaza kwenye kioo, kuchoma tezi kwa sindano na kutandaza majimaji yake, kukausha, kufunga na kutuma. Mpwapwa, iliyokuwa kitovu cha utafiti wa mifugo tangu enzi za Wajerumani na makao ya idara wakati wa Waingereza, ikawa mahali pa kupokea slaidi hizo. Slaidi ni nyepesi, haiozi upesi, huingia kwenye bahasha, na huweza kubebwa na tarishi kutoka Tukuyu au Njombe. Kwa nchi yenye barabara chache na wataalamu wachache, ilikuwa zana bora kabisa.

Hata hivyo, zana bora huwa na upofu wake. Slaidi huonyesha kijidudu na umbo la chembe za damu. Haionyeshi arseniki iliyomo tumboni wala risasi iliyomo kwenye figo. Sampuli iliyofungwa kwa ajili ya hadubini haikuweza kujibu swali la mkemia, hata kama mkemia angekuwapo.

Upofu wa pili ni mzito zaidi. Katika eneo ambako ndigana imejikita, ng'ombe wengi waliopona utotoni huendelea kubeba vijidudu vya jamii ya Theileria na Anaplasma katika damu yao bila kuugua. Akifa ng'ombe wa namna hiyo kwa kunywa dawa ya josho, slaidi ya damu yake ina nafasi kubwa ya kuonyesha kijidudu. Msomaji wa slaidi ataandika alichokiona, naye hatakuwa amesema uongo. Lakini kukutwa si kuua. Kijidudu kilichokuwa mpangaji wa kudumu kitaandikwa kuwa muuaji, na aliyeua hasa hatatajwa. Kwa hiyo uchache wa sumu katika kumbukumbu hauwezi kusomwa kama uchache wa vifo vya sumu; unasomeka kwanza kama matokeo ya swali lililoulizwa.

4.0 Sumu Iliyokuja kwa Jina la Dawa: Josho la Arseniki

Ndigana kali ilipotambuliwa kuwa ugonjwa wa kupe, tiba ya eneo zima ikawa kuua kupe. Arseniki ilikuwa tayari inajulikana. William Cooper wa Berkhamsted, Uingereza, aliuza unga wa arseniki na salfa wa kuogeshea kondoo tangu mwaka 1852. Huko Natal, Joseph Baynes alijenga josho la ng'ombe mwaka 1902, na Herbert Watkins-Pitchford akapima nguvu ya dawa na urefu wa muda kati ya kuogesha na kuogesha, ili kupe afe na ng'ombe asalimike. Kutoka huko utaratibu ulisambaa kaskazini.

Katika Nyanda za Juu Kusini, josho lilifuata walowezi. Mwaka 1925 Lord Delamere aliitisha mkutano wa walowezi Tukuyu, na katika miaka hiyo juhudi za kuweka wazungu Iringa, Mufindi na Sao Hill zilishika kasi. Ng'ombe wao wa damu ya Ulaya hawakuwa na kinga waliyokuwa nayo ndama wa kienyeji waliokulia katikati ya kupe, hivyo bila kuogeshwa wasingeishi. Arseniki ikawa sharti la ufugaji huo.

Dawa yenyewe ilikuwa arsenaiti ya sodiamu iliyoyeyushwa katika maji. Kwa uogeshaji wa kila wiki, kiwango kilichozoeleka kilikuwa karibu asilimia 0.16 ya oksidi ya arseniki. Ikipungua, kupe hubaki hai; ikizidi, ngozi ya ng'ombe huungua na mwili hufyonza sumu. Kiwango hicho hakikukaa mahali pamoja. Jua lilipunguza maji na kuikoleza dawa. Mvua za masika ziliizimua. Matope na samadi vilijaza shimo. Bakteria waliomo ndani ya shimo waliigeuza arsenaiti kuwa arsenati, aina isiyoua kupe sawasawa, na msimamizi alipoona kupe hawafi alishawishika kuongeza dawa.

Kwa sababu hiyo, josho lilikuja na kipimo chake. Sampuli ya maji ya josho ilipimwa kwa kudondoshea myeyusho wa iodini mpaka wanga ubadilike rangi, na idadi ya matone ikasema nguvu ya dawa. Kipimo hicho kingeweza kufanywa shambani na mtu aliyefundishwa vyema. Hii ina maana kwamba kemia ya arseniki ilifika katika mashamba ya nyanda hizi mapema, lakini ilifika kwa ajili ya kupe. Maji ya josho yalipimwa. Ini la ng'ombe aliyekufa saa chache baada ya kutoka joshoni halikuwa sehemu ya utaratibu.

Njia za ng'ombe kupata sumu joshoni zinajulikana vizuri. Ng'ombe aliyeswagwa kutoka mbali na kufikishwa akiwa na kiu huinywa dawa anapoogelea. Ndiyo maana kanuni ilitaka mifugo inyweshwe kwanza. Aliyeachiwa mara moja baada ya kuogeshwa hula majani yaliyodondokewa na dawa. Ndama hulamba manyoya ya mama yake. Pipa lililokwisha hugeuzwa chombo cha maji. Tope linalozolewa joshoni hutupwa pembezoni, na mvua hulipeleka kijitoni. Dalili huanza ndani ya saa au siku: maumivu ya tumbo, mate, kupepesuka, kuhara maji yenye damu, ubaridi wa mwili, kifo. Mzoga ukifunguliwa, mfuko wa nne wa tumbo huonekana mwekundu na umevimba, huku yaliyomo yakiwa majimaji.

Je, vifaa vya kuithibitisha arseniki katika mwili vilikuwa mbali mno? Historia ya kemia inajibu kwamba havikuwa mbali. James Marsh alichapisha njia yake ya kuigundua arseniki mwaka 1836, na miaka michache baadaye Hugo Reinsch akaleta njia rahisi zaidi: kipande cha tishu huchemshwa katika asidi ya hidrokloriki pamoja na ukanda safi wa shaba, na ukanda ukifunikwa na utando mweusi, arseniki au metali ya jamii yake hushukiwa. Jiko, asidi na kipande cha shaba vingeweza kupatikana katika ofisi ya wilaya. Kilichopungua kilikuwa desturi ya kuuliza. Hata tiba ilipopatikana, ilitoka katika swali la vita: dimakaproli ilitengenezwa Oxford wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ili kuokoa askari dhidi ya gesi yenye arseniki, ndipo ikaingia katika tiba ya wanyama.

Usugu wa kupe ulioonekana Afrika Kusini kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930 uliipunguzia arseniki hadhi. Baada ya vita, dawa za jamii ya klorini, na hasa toksafeni, zilichukua nafasi yake, na majosho ya umma yakaongezeka baada ya uhuru. Lakini arseniki iliyomwagika pembeni mwa majosho ya zamani haikuondoka pamoja na jina lake. Kaskazini mwa New South Wales, Australia, maeneo ya majosho ya zamani yameorodheshwa kwa sababu udongo wake bado una arseniki na DDT. Somo hilo linahusu kila mahali palipowahi kuwa na josho la aina hiyo, kwa kuwa josho lililoachwa hugeuka malisho, shamba la mahindi au kiwanja cha nyumba, na wajukuu wa waliolichimba hawajui kilichomo chini.

5.0 Kutoka Upungufu hadi Wingi: Madini ya Kulamba, Shaba na Floridi

Sababu nyingine ya sumu kutoonekana ilitoka ndani ya sayansi yenyewe. Katika miaka ya 1920 na 1930, watafiti wa lishe waliyatazama madini kama kitu kinachokosekana. Huko Kenya, ng'ombe na kondoo wa Nakuru walidhoofika katikati ya majani mengi. Tatizo hilo lilikuja kuhusishwa na ukosefu wa kobalti, baada ya watafiti wa Australia kuonyesha mwaka 1935 kuwa mnyama huihitaji metali hiyo. John Boyd Orr, aliyechapisha pamoja na Gilks mwaka 1931 utafiti maarufu kuhusu afya ya Wakikuyu na Wamaasai, alikuwa miongoni mwa waliosisitiza upungufu wa madini katika malisho ya Afrika Mashariki. Tangu hapo, neno madini katika ushauri wa ufugaji lilimaanisha kitu cha kuongeza.

Ushauri huo ulifaa. Udongo mwingi wa Nyanda za Juu Kusini umeoshwa na mvua, una asidi, na ule wa majivu ya volkano huishikilia fosforasi isifikie mmea. Ng'ombe wa maziwa waliosambazwa Iringa na Mbeya, na kazi za utafiti na mafunzo ya kilimo Uyole, vilifanya jiwe la kulamba na pumba zilizochanganywa madini kuwa vitu vya kawaida zizini. Lakini lugha ya upungufu haikuwa na nafasi ya kutosha kwa wingi, na mnyama aliyedhoofika aliongezewa madini kabla ya kuulizwa kama tayari anayo mengi.

Shaba ndiyo inayoonyesha hatari hiyo kwa uwazi zaidi. Kondoo huhifadhi shaba katika ini lake kuliko ng'ombe na huitoa kwa shida. Mchanganyiko wa madini uliotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe huweza kumuua kondoo anayekula katika hori lilelile. Zaidi ya hapo, kiasi salama cha shaba hakijulikani kwa kuitazama shaba peke yake, maana molibdeni na salfa zilizomo katika majani huizuia kufyonzwa. Huko Somerset, Uingereza, ilibainika mwaka 1938 kuwa malisho yaliyohara ng'ombe kwa vizazi vingi yalikuwa na molibdeni nyingi, na dawa yake ilikuwa shaba. Palipo na molibdeni kidogo, kiasi kilekile cha shaba hugeuka sumu.

Katika Mbozi na Rungwe, shaba ina njia nyingine ya kufika zizini. Wakulima wa kahawa wamepulizia mrututu na dawa nyingine za shaba dhidi ya kutu ya majani na chulebuni kwa miongo mingi, na mrututu uleule umetumika kuoshea kwato na, zamani, kutibu minyoo ya kondoo na mbuzi. Pale ambapo majani hukatwa kati ya mistari ya kahawa na kulishwa mifugo ya ndani, mnyama hukusanya shaba taratibu. Ini hujaa kwa wiki au miezi huku akionekana mzima. Kisha jambo dogo, kama safari, baridi au njaa, huifungua ghala hiyo. Chembe za damu hupasuka, macho na ufizi huwa vya manjano, mkojo huwa mwekundu au kahawia, figo hugeuka nyeusi. Mtu aliyefundishwa kufikiri kwa kupe ataona mkojo mwekundu na kuhitimisha ugonjwa wa kupe wa kukojoa damu.

Floridi inatoa somo la muda. Mwaka 1955 Walker na Milne walichapisha taarifa kuhusu madhara ya floridi kwa ng'ombe wa Jimbo la Kaskazini la Tanganyika, ambako maji ya maeneo ya volkano yana floridi nyingi. Meno ya ng'ombe hupokea alama za floridi wakati yanapojengeka tu, ndani ya miaka ya mwanzo ya uhai. Kwa hiyo jino lenye mabaka na lililolika upesi ni kumbukumbu yenye tarehe: linasema mnyama alikunywa au kula floridi akiwa na umri gani, hata kama sasa anaishi kwingine. Kwa Nyanda za Juu Kusini somo hili lina uzito kwa sababu ya fosfati. Mlima Panda, kusini-magharibi mwa mji wa Mbeya, una mwamba wa karbonatiti wenye fosfati, na fosfati ya miamba kwa kawaida huja na floridi ndani yake. Inayofaa kuwa mbolea haifai moja kwa moja kuwa lishe ya ng'ombe kabla ya kuondolewa floridi. Tofauti hiyo haionekani kwa macho ya mnunuzi wa gunia.

6.0 Zebaki na Wafugaji wa Chunya

Dhahabu ya Lupa iligunduliwa mwaka 1922, na katika miaka ya 1930 Chunya ikawa kivutio cha wachimbaji wa kila namna. Mgodi mkubwa wa Saza ulifungwa mwaka 1956, lakini uchimbaji mdogo uliendelea na baadaye ukapanuka tena. Mchimbaji mdogo huikamata dhahabu kwa zebaki, kisha huiunguza ili zebaki iondoke. Sehemu yake huenda hewani, sehemu hubaki katika mchanga wa marudio na katika vidimbwi vya kuoshea.

Katika miongo ya mwisho ya karne ya 20, wafugaji kutoka kaskazini na kati, wakiwemo Wasukuma, walihamia na makundi yao katika bonde la Usangu na pori la Chunya. Kidimbwi cha mchimbaji na kiu ya ng'ombe vikakutana wakati wa kiangazi. Mkataba wa Minamata uliopitishwa mwaka 2013 unazitaka nchi wanachama zipunguze zebaki katika uchimbaji mdogo kwa kuzingatia afya ya binadamu. Figo la ng'ombe wa Chunya lingeweza kuwa kipimo cha mapema cha hali hiyo, kwa kuwa ng'ombe hunywa maji ambayo mtu angeyakataa. Kwa utaratibu uliorithiwa, ng'ombe huyo akifa hupelekewa slaidi.

7.0 Mashahidi Watatu

Umbali ni sehemu ya historia hii. Kabla ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia kukamilika na reli ya TAZARA kuanza kazi katikati ya miaka ya 1970, kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800, ilikuwa safari ya siku kadhaa kwa sampuli yoyote isiyokuwa slaidi. Kituo cha uchunguzi wa magonjwa ya mifugo Iringa kiliisogeza maabara karibu na mfugaji. Kitivo cha tiba ya mifugo Morogoro, kilichoanza mwaka 1976 na kuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mwaka 1984, kiliongeza wataalamu. Na Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania imeviweka vituo hivyo chini ya taasisi moja. Upande wa kemia, njia ya ufyonzaji wa atomi iliyobuniwa na Alan Walsh wa Australia mwaka 1955 iliwezesha metali kupimwa kwa kiasi kidogo sana. Vifaa vimeongezeka, lakini kifaa hupima kilicholetwa, na kinacholetwa hutegemea anayefungua mzoga anashuku nini.

Shahidi wa kwanza ni mfugaji. Ndiye anayejua wangapi walikufa kwa pamoja, walitoka wapi, walikunywa wapi, lini waliogeshwa, dawa ipi ilifunguliwa, betri chakavu ilitupwa wapi. Ugonjwa wa kuambukiza kwa kawaida huenea kwa siku na wiki. Sumu ya ghafla huwapiga waliokula pamoja, na aliyefungwa nyumbani hubaki mzima. Taarifa hiyo hutoka kwa mtu tu, na hupotea asipoulizwa siku ileile.

Shahidi wa pili ni mzoga, naye huhojiwa kwa mpangilio. Kwa hofu ya kimeta, damu ya sikio huchunguzwa kwanza kabla ya kisu. Hapo slaidi inastahili nafasi yake ya heshima. Kisha huchukuliwa ini, figo na yaliyomo tumboni, kila kimoja katika chombo chake safi, vikagandishwa. Kipande kidogo huwekwa katika formalini kwa ajili ya hadubini, lakini kile cha mkemia hubaki bila dawa. Pamoja navyo huenda maji, majani, pumba na dawa inayoshukiwa.

Shahidi wa tatu ni namba ya maabara, na namba nayo haijitoshelezi. Arseniki katika ini au figo la mnyama mzima kwa kawaida haifiki miligramu 0.5 kwa kilo ya tishu mbichi, na ikizidi 10 huunga mkono hukumu ya sumu. Lakini mwili huitoa arseniki upesi. Mnyama aliyeugua siku kadhaa kabla ya kufa anaweza kukutwa na kiasi cha chini ilhali sumu ndiyo iliyomharibu. Risasi iliyozidi miligramu 10 kwa kilo katika gamba la figo ni ushahidi mzito kwa ng'ombe aliyekuwa kipofu, akisaga meno na kugandamiza kichwa ukutani. Bila kipimo hicho, mnyama huyo angedhaniwa ana kichaa cha mbwa au ndigana iliyopanda ubongoni. Damu ya kondoo mwenye ini lililojaa shaba huweza kuwa ya kawaida hadi siku ya maafa. Kosa lililofanywa na slaidi laweza kurudiwa na namba: kukutwa na shaba si kufa kwa shaba.

Ndiyo maana ushahidi wa mmoja hautoshi. Mfugaji peke yake huweza kumtuhumu jirani. Mzoga peke yake huonyesha wekundu wenye maana nyingi. Namba peke yake husema kiasi bila kusema tukio. Wakikubaliana watatu, chanzo hupata jina na mtu asiye na hatia huachwa.

8.0 Hitimisho

Historia ya sumu za madini katika mifugo ya Mbeya na Iringa ni historia ya vitu vilivyokaribishwa. Arseniki ilikuja kuua kupe, shaba kuokoa kahawa, fosfati kujenga mifupa, zebaki kukamata dhahabu. Kila kimoja kilikuwa na mtetezi wake, na hakuna kilichoingia kikijulikana kuwa ni adui. Huduma ya mifugo, iliyozaliwa katika hofu ya sotoka na ndigana, ilikuwa na jicho kali kwa kijidudu, na jicho hilo limeokoa mamilioni ya ng'ombe. Lakini liliacha vifo vingine vikiandikwa kwa jina la kijidudu kilichokuwapo tu.

Mambo mawili yanafuata kwa watafiti. Taarifa za vifo vilivyoandikwa kuwa ndigana karibu na majosho ya arseniki zisomwe upya kwa kuzingatia tarehe za kuogesha, misimu ya mvua na idadi ya waliokufa kwa siku moja. Na maeneo ya majosho ya zamani yaorodheshwe kijiji kwa kijiji, kwa kuwauliza wazee walioswaga mifugo huko wangali hai. Udongo bado unaweza kupimwa miaka mingi ijayo. Aliyeona ng'ombe wakitoka joshoni wakipepesuka hawezi kusubiri kiasi hicho.